Pet Shop Boys: Taja Toleo Kwanza, Ndipo Ubishane

Wasikilize mashabiki wa Pet Shop Boys, kundi la Uingereza la watu wawili linalopiga pop ya elektroniki, wakivutana, na mara nyingi utakuta hawapingani hata kidogo. Mmoja anaisifia "Left to My Own Devices" ya dakika nane inayofungua albamu ya Introspective. Mwenzake anaiponda ile ya singo, yaani wimbo uliotolewa peke yake nje ya albamu, iliyokatwa ikabaki chini ya dakika tano. Jina ni moja, kinachosikika masikioni mwao ni vitu viwili. Ongeza hapo miaka zaidi ya thelathini ya maonyesho ya jukwaani, ambako nyimbo hizohizo zimepangwa upya kila ziara, na ubishi unaweza kukesha.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja inayopita kote: kabla ya kuhukumu, sema ni toleo gani, la mwaka gani, limepigwa wapi. Ukiizoea, utaisikia kazi ya Neil Tennant, mwimbaji, na Chris Lowe, wa kinanda, kwa namna nyingine kabisa, na hoja zako kuhusu urithi wao zitakuwa na miguu ya kusimamia.

Pa kuanzia

Wawili hawa walikutana London mwaka 1981, na kufikia 2024 walikuwa na albamu 15 za studio: Please (1986), Actually (1987), Introspective (1988), Behaviour (1990), Very (1993), Bilingual (1996), Nightlife (1999), Release (2002), Fundamental (2006), Yes (2009), Elysium (2012), Electric (2013), Super (2016), Hotspot (2020) na Nonetheless (2024). Iandike orodha hii mahali, utaihitaji kila wakati. Nusu ya makosa ya mashabiki wapya hutokana na kuuweka wimbo kwenye muongo usio wake.

Usianze na albamu. Anza na mkusanyo, ila uchague vizuri. PopArt ya 2003 ina nyimbo 35 katika diski mbili, lakini hazikupangwa kwa miaka. Mgeni akiisikiliza haoni kitu kikikua. Discography ya 1991 imepangwa vizuri na bado inafaa kwa mtu mwenye saa moja na ushee, ila inaishia 1991. Chaguo bora ni SMASH ya 2023: singo 55 kutoka 1985 hadi 2020, kwa mfuatano wa miaka. Igawe vikao vitatu, kila diski na siku yake. Zote tatu kwa mkupuo zitakuchosha masikio, na wa kuonewa watakuwa Elysium na Hotspot, kwa kuwa utazifikia ukiwa hoi.

Kumbuka unachokisikia humo: matoleo ya singo. Ndiyo yaliyopigwa redioni, yakapanda chati. Ukitaka kuzungumzia mafanikio ya sokoni, SMASH inatosha. Ukitaka kuzungumzia usanii wao, bado hujaanza.

Baada ya hapo chukua albamu mbili tu, Introspective na Behaviour. Sababu ni kwamba zimekaa pande mbili zinazotazamana. Introspective ina nyimbo sita, na zote ni ndefu. Kawaida msanii hurekodi wimbo mfupi, kisha remiksi ndefu ya klabu hufuata; hapa kwa sehemu kubwa walianza na ndefu, singo ikakatwa baadaye. Behaviour, waliyoitayarisha Munich na Harold Faltermeyer, imetulia, ina sauti za sinthesaiza (vinanda vya kielektroniki) za kizamani na huzuni nyingi. Mtu aliyezisikia zote mbili kwa makini hawezi tena kusema kwamba Pet Shop Boys "wana mtindo mmoja".

Kisha nenda upande wa pili wa singo. Alternative (1995) ina nyimbo 30 za upande B, na Format (2012) ina 38, za kuanzia 1996 hadi 2009. Hapa ndipo mashabiki wakongwe wanapojificha na kura zao za siri. "Paninaro", kwa mfano, ilitoka kama upande B wa "Suburbia" mwaka 1986, na sauti inayosikika zaidi humo ni ya Chris. Anayedai kwamba Chris "hafanyi kitu" mpe huo wimbo kwanza.

Kulinganisha matoleo bila kujidanganya

Chukua "West End Girls", maana ndio wimbo wenye historia iliyo wazi kuliko zote. Toleo la kwanza lilitayarishwa New York na Bobby Orlando, likatoka 1984. Halikuwa la kuvuma Uingereza. Mwaka uliofuata wakaurekodi upya na Stephen Hague, na hilo ndilo lililofika namba moja Uingereza Januari 1986, na baadaye mwaka huohuo Marekani. Shep Pettibone akalifanyia remiksi ya zaidi ya dakika tisa, iliyomo kwenye Disco, albamu ya remiksi ya 1986. Hapo una matoleo matatu kabla hujagusa jukwaa.

Hatua za kuyalinganisha ni hizi.

Kwanza, sawazisha sauti. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. CD za miaka ya 1980 zilitengenezwa na sauti ya chini. Matoleo yaliyosafishwa upya mwaka 2001, na tena kuanzia 2017, yana sauti ya juu zaidi. Sikio la binadamu huona kilicho juu kidogo kuwa kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa desibeli moja (kipimo cha ukubwa wa sauti). Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu yako ya muziki, au punguza kwa mkono hadi sauti ya Tennant iwe sawa katika matoleo yote. Fuata sauti yake, achana na ngoma, kwani ngoma ndizo zilizobadilishwa zaidi.

Pili, tumia hedfoni au spika zilezile, na usikilize sekunde 60 za kila toleo mara mbili kabla ya kusikiliza wimbo mzima.

Tatu, pima urefu wa utangulizi. Anza kuhesabu sekunde tangu sauti ya kwanza hadi Tennant anapofungua kinywa. Ili kuzigeuza sekunde kuwa baa, yaani makundi ya midundo minne, zizidishe kwa idadi ya midundo kwa dakika, kisha gawanya kwa 240. "West End Girls" ya Hague inakwenda kama midundo 113 kwa dakika, kwa hiyo baa moja ni zaidi kidogo ya sekunde mbili. Ukihesabu baa badala ya sekunde, utaona mara moja ni wapi mhariri alipopitisha mkasi: kwa kawaida hukata baa 4, 8 au 16, na karibu daima hukata utangulizi au daraja la katikati kabla ya kugusa kiitikio.

Nne, andika kilichoongezwa na kilichoondolewa, usiandike ulichopenda. "Suburbia" ya singo ina mbwa wanaobweka na vioo vinavyovunjika, na imejengwa upya kuliko ile ya Please. "Opportunities" ilitoka 1985 ikapotea, ikarekebishwa na kurudishwa 1986, safari hii ikafika namba 11. "It's Alright" kwenye Introspective inapita dakika tisa, lakini singo ya 1989 ilitengenezwa upya. Ukishaandika tofauti hizo, maoni yatakuja yenyewe na yatakuwa na sababu.

Kwenye huduma za muziki za mtandaoni soma jina kamili la faili, pamoja na maneno madogo yanayofuata kichwa cha wimbo. Mwaka wa kusafishwa upya huonekana mara nyingi kana kwamba ndio mwaka wa wimbo, na mtu anaapa kuwa "It's a Sin" ni ya 2018. Pia tafuta jina la msanii pamoja na jina la wimbo: "West End Girls" imeimbwa upya na wengine, wakiwemo East 17 mwaka 1993.

Na mtego mmoja mdogo wa Very: wimbo wa mwisho, "Go West", ukiisha, usizime. Kuna ukimya wa kama dakika mbili, kisha kipande kifupi anachokiimba Chris. Wanaogeuza CD kuwa faili huukata ukimya huo wakidhani ni kasoro, na kipande kinakwenda nao. Anayetafuta diski ya pili ya nyimbo sita za dansi aulizie toleo la Very Relentless. Very ya kawaida, yenye lile kasha la rangi ya chungwa lenye vinundu, haina diski hiyo.

Maonyesho: historia unayopaswa kuijua kabla ya kusema "live"

Kwa muda mrefu hawakufanya ziara. Ziara iliyopangwa 1986 ilifutwa kwa sababu gharama za jukwaa walilolitaka zingewaingiza kwenye hasara. Ziara ya kwanza kabisa ilikuwa 1989, ikaanzia Hong Kong, kisha Japani na Uingereza, na aliyeisimamia jukwaani, pamoja na kutengeneza filamu za kuonyeshwa nyuma yao, ni mwongozaji wa sinema Derek Jarman. Tangu siku hiyo mfumo ukawa umewekwa: kila ziara ina msanii wa jukwaa anayestahili kutajwa kama unavyomtaja prodyuza wa albamu.

Ziara ya Performance ya 1991 ilipewa David Alden na David Fielding, watu wa opera. Wanamuziki walifichwa, jukwaani wakabaki Neil, Chris, waimbaji na wachezaji, na mavazi yanabadilika wimbo baada ya wimbo. Waliokwenda wakitarajia gitaa na jasho walitoka wamekasirika. Ziara hiyo ilipoanza hata "Being Boring" haikuwamo, na miongoni mwa waliolalamika ni Axl Rose, mwimbaji wa bendi ya roki ya Guns N' Roses; baadaye ikaingizwa. Ukweli huo mmoja una faida kubwa katika mjadala, kwa sababu wimbo ambao leo ni kilele cha usiku uliishia namba 20 kwenye chati ya Uingereza mwaka 1990. Hadhi yake ilijengwa na wasikilizaji, polepole, kwa kuwa ulibeba maombolezo ya kizazi kilichopoteza marafiki kwa UKIMWI.

Mwaka 1994 Discovery iliwapeleka Singapore, Australia na Amerika ya Kusini, ikiwa na hali ya klabu zaidi. Mwaka 1997 walikaa kwenye ukumbi wa tamthilia wa Savoy, London, kwa wiki tatu, kwa onyesho la Somewhere. Jukwaa la ziara ya Nightlife, 1999 hadi 2000, lilichorwa na msanifu majengo Zaha Hadid. Halafu 2002, kwa ziara ya Release, wakageuza kila kitu: gitaa, bendi, mavazi ya kawaida. Ni ziara ya kuitazama kama jaribio. Inaonyesha kinachobaki ukiondoa tamthilia, na jibu ni kwamba nyimbo zinasimama, ila Chris anapotea.

Septemba 2004 walisindikiza kwa muziki sinema bubu ya Battleship Potemkin kwenye uwanja wa Trafalgar, London, pamoja na okestra ya Dresdner Sinfoniker, bila kiingilio. Mei 2006 wakapiga na BBC Concert Orchestra kwenye ukumbi wa Mermaid, rekodi iliyotoka kwa jina la Concrete. Kuanzia ziara ya Fundamental akaingia Es Devlin kama mbunifu wa jukwaa, na hapo maumbo ya mraba, masanduku meupe na skrini yakawa lugha yao: Pandemonium ya 2009 hadi 2010, Electric ya 2013 hadi 2015, kisha Inner Sanctum, iliyoanzia Royal Opera House London mwaka 2016.

Dreamworld, ziara ya nyimbo zilizovuma, ilipaswa kuanza 2020, ikazuiwa na Uviko, ikaanza Milan Mei 2022. Mpangilio wake wa kufungua unafaa kuchunguzwa. Wanatokea wawili peke yao mbele ya skrini, wamevaa vinyago vya chuma vyenye umbo la uma wa kupimia sauti, taa za barabarani zimesimama kando yao, na "Suburbia" inaanza. Bendi haionekani. Baada ya nyimbo kadhaa skrini inapanda, na nyuma kuna wanamuziki watatu, ngoma na vinanda. Kuanzia hapo sauti yenyewe inabadilika, ngoma za mkono zinaongezeka juu ya mashine. Kwa hiyo anayesema "Dreamworld ilikuwa ya mashine tu" na anayesema "walikuwa na bendi nzuri" wanaweza kuwa walikuwa ukumbi mmoja usiku mmoja, wakakumbuka nusu tofauti.

Kutazama filamu za maonyesho

Fuata mpangilio huu: Performance, halafu Discovery iliyorekodiwa Rio, Cubism ya Mexico City (2006), Pandemonium ya ukumbi wa O2, London (2009), na Inner Sanctum ya Royal Opera House. Filamu tano, kama saa nane kwa jumla. Usizitazame kwa kufuata ubora wa picha, kwa sababu za zamani zitaonekana hafifu na utazionea.

Kila filamu itazame ukiwa na maswali matatu. Uso wa Neil unaonekana lini bila kinyago wala kofia? Chris yuko wapi, na anasogea mara ngapi? Na ni toleo gani la wimbo linalopigwa: la albamu, la singo, la remiksi, au mchanganyiko? Swali la pili linaonekana la mzaha, lakini ndilo gumu. Chris kusimama tuli nyuma ya kinanda, ametazama mbele, ni uamuzi wa jukwaani uliodumu tangu miaka ya 1980. Utulivu wake ndio unaomfanya Neil aonekane ana mwendo, ingawa naye hakimbii. Angalia Discovery, ambako kila mtu anacheza, uone jinsi mizani hiyo inavyobadilika.

Tahadhari: filamu ya onyesho si kumbukumbu safi ya usiku ule. Kamera huchagua, na sauti huchanganywa upya studio. Ikiwa hoja yako ni kwamba sauti ya Neil ilishuka au ilipanda kati ya mwaka fulani na mwingine, filamu rasmi ni ushahidi dhaifu. Matangazo ya moja kwa moja ya matamasha makubwa yanafaa zaidi, kwa sababu hakuna nafasi ya kurekebisha. Kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, walifunga jukwaa la Other Stage mara mbili, 2010 na 2022. Linganisha hizo mbili, umri wa Neil ukiwa karibu miaka 56 na karibu 68. Sikiliza hasa maneno yanayosemwa haraka katika "West End Girls" na noti ndefu za "It's a Sin".

Kuhusu swali linalorudi kila mara, kama wanapiga "kweli": sehemu kubwa ya midundo na besi huendeshwa na kompyuta, na hawajawahi kulificha hilo. Muziki huu ulitungwa kwa mashine. Kupima ukweli wa onyesho lao kwa idadi ya vidole vilivyogusa nyaya ni kutumia mizani ya watu wengine. Kinachopimika kwa haki ni sauti ya mwimbaji, mpangilio mpya wa nyimbo, na jinsi picha zinavyoshikana na muziki.

Ukipata tiketi

Mahali pa kukaa ni muhimu kuliko ukaribu. Onyesho lao limechorwa litazamwe kwa ujumla: skrini, taa, maumbo. Kwenye ukumbi mkubwa kama O2, ukisimama safu ya kwanza utaona koti la Neil vizuri na skrini hutaiona. Mita 20 hadi 40 kutoka jukwaani, usawa wa katikati, karibu na meza ya fundi wa sauti, ndiko sauti na picha zilikopangwa zikutane. Epuka kusimama ukiwa umeegemea ukuta au kwenye kona, maana besi hujilundika huko na maneno yanamezwa. Royal Opera House ina watu zaidi kidogo ya 2,200 na umbo la kiatu cha farasi, kwa hiyo viti vya pembeni kabisa hukata sehemu ya jukwaa. Kwenye ramani ya viti vimeandikwa kuwa mtazamo wake una kizuizi. Kwa msanii wa gitaa hilo linavumilika, kwa hawa unapoteza nusu ya kazi.

Beba vizibo vya masikio. Kiwango kinachokubalika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu, hivyo kwa desibeli 100 ni kama dakika 15. Onyesho lina karibu saa mbili. Vizibo vya sponji vinazuia sana lakini vinafunika sauti za juu, matokeo yake muziki unasikika kama umefunikwa blanketi. Vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa, vinaacha sinthesaiza zibaki na makali yake. Vya sponji ukivitumia, visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, ingiza, kisha shikilia kwa sekunde 30 hadi vijae. Vikiingia nusu, havisaidii kitu.

Maonyesho haya yana taa za kumulika kwa kasi na miale ya leza. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga aulizie ukumbi mapema. Mwenye simu asiielekeze kamera kwenye leza inayomjia usoni, kwa sababu inaweza kuunguza kihisi cha kamera, na doa lake halitoki.

Usitarajie mazungumzo marefu kati ya nyimbo. Na usitoke kabla ya taa za ukumbi kuwaka: Dreamworld inafungwa na "West End Girls" ikifuatwa na "Being Boring", na kuna watu huwahi usafiri baada ya ile ya kwanza wakidhani imekwisha.

Kuujadili urithi wao

Hoja tatu hujitokeza kila kikao, na zote zinaweza kupimwa.

"Ni bendi ya miaka ya 80." Kwa singo, ndiyo kwa kiasi: namba moja zao nne za Uingereza, yaani "West End Girls", "It's a Sin", "Always on My Mind" na "Heart", zote ni za 1986 hadi 1988. Tennant mwenyewe alikiita "kipindi cha himaya", yaani cha kutawala chati, na kwake dalili ya kuisha kwake ilikuwa "Domino Dancing", iliyogota namba 7 mwaka 1988. Lakini albamu yao pekee iliyofika namba moja Uingereza ni Very ya 1993, Electric ya 2013 ilifika namba 3, na Nonetheless ya 2024 namba 2. Taja unapima nini, singo au albamu, na ubishi unaisha ndani ya dakika mbili.

"Ni watu wa kejeli, hawana hisia." Hapa usijibu kwa "Being Boring", kila mtu hujibu hivyo. Jibu kwa kazi walizowapa wengine. "What Have I Done to Deserve This?" ya 1987 ilimrudisha mwimbaji Dusty Springfield kwenye chati, hadi namba 2, na wakaendelea kumtayarishia nyimbo. Results, albamu ya mwimbaji Liza Minnelli ya mwaka 1989, ni kazi yao pia. Mtu baridi hawezi kuwaandikia waimbaji wa namba hiyo wakasikika hivyo.

Ya tatu ndiyo ngumu: kwamba baada ya Behaviour hawakuongeza kitu. Mimi naona inashindwa kwa Electric peke yake, iliyotayarishwa na Stuart Price, lakini anayeitetea ana haki ya kudai ushahidi wa upande wa pili, yaani Release na Elysium. Wekeni albamu moja mezani kila kikao, isizidi hiyo. Kila mtu aje na wimbo mmoja wa kuutetea na mmoja wa kuukata, akitaja toleo. Sikilizeni wimbo mzima kabla ya mtu kusema neno. Kuzungumza juu ya muziki unaoendelea kunamfaidi mwenye sauti kubwa tu.

Kwa wanaotunza orodha za nyimbo za maonyesho, kila karatasi iwe na tarehe, mji, ukumbi, nyimbo kwa mfuatano, na alama ya toleo pembeni mwa kila wimbo. Tenganisha maonyesho ya tamasha la wasanii wengi na ya ziara yenyewe, kwa sababu ya tamasha hufupishwa, na ukiyachanganya utadhani wimbo fulani uliachwa katikati ya ziara. Jaza karatasi usiku huohuo. Video za watu wengine zitumie kuhakiki mfuatano tu, na ziwe mbili zisizotegemeana, kwa kuwa wanaopandisha video hukosea tarehe na miji kila siku.